Kabla ya Gari Kufika

Huduma ya kwanza ni kazi ya mtu asiye daktari, akitumia vitu vilivyo karibu, katika muda ulio kati ya ajali na mlango wa zahanati. Mjini muda huo huweza kuwa nusu saa; kijijini wakati wa masika, daraja likiwa limesombwa, hufika nusu siku. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki gari la wagonjwa halimfuati majeruhi alipo. Majeruhi ndiye anayetafutiwa usafiri, na usafiri wenyewe mara nyingi ni bodaboda. Anayelikuta jeraha likiwa bichi ni mama aliye jikoni, jirani aliyesikia ukunga, kondakta wa daladala au mwanafunzi aliyekwenda kuchota maji.

Kusaidia hudhaniwa kuwa ni kuongeza kitu: kupaka, kunywesha, kufunga, kuchanja, kukamua. Lakini ajali za kawaida zikipitiwa moja moja, hujitokeza kwamba madhara mengi yanayofuata ajali yenyewe huletwa na mkono uliokusudia kuokoa. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hudhurika zaidi akitapishwa. Mguu ulioumwa na nyoka huweza kupotea kwa sababu ya kamba iliyofungwa juu yake. Hivyo sehemu kubwa ya elimu hii ni kujua lipi lisifanywe, na hiyo ndiyo ngumu kufundisha, maana aliyekaa kando ya mgonjwa bila kumpaka chochote huonekana mbele ya majirani kama mtu asiye na uchungu.

Utaratibu wa jumla ni mfupi. Mwokoaji huangalia kwanza kilichomwangusha mwenzake kisije kikamwangusha na yeye: waya wenye umeme, moshi, maji ya kina, magari yanayokuja. Kisha huangalia kama majeruhi anaitika na kama anapumua. Asiyeitika lakini anapumua hulazwa ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili ulimi na matapishi visizibe koo. Asiyepumua, au anayevuta pumzi moja moja za kukoroma, hubonyezwa kifua kwa viganja viwili vilivyopandana katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na pumzi 2 za mdomo kwa kila mibonyezo 30. Anayesita kumpulizia mtu asiyemjua mdomoni na abonyeze tu bila kusimama. Ni bora mara nyingi kuliko kusubiri. Baada ya hewa ndipo damu, na baada ya damu ndipo mengine yote.

Ndani ya nyumba, hatari ya kwanza kwa watoto wadogo iko jikoni, na sababu yake ni kimo. Mafiga, jiko la mkaa na stovu ya mafuta ya taa vyote hukaa chini, usawa wa mkono wa mtoto anayetambaa. Sufuria ya chai huepuliwa na kuwekwa kando ya jiko ipoe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika ukingo ili asimame, na yote humwagikia kifuani. Uji ni mbaya kuliko maji. Maji hutiririka na kupoa, ilhali uji hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kupandisha jiko juu ya meza ya matofali, au kuliwekea uzio mdogo wa mbao, kunazuia majeraha ambayo hakuna dawa inayoyafuta kabisa.

Tiba ya kwanza ya kuungua ni maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Moto ukishaondoka, joto lililokwisha kuingia ndani ya ngozi huendelea kula tabaka za chini, na kazi ya maji ni kulitoa. Hata yakichelewa, bado yana faida ndani ya saa 3 za mwanzo. Dakika 20 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Mtoto analia, na mama huona yametosha baada ya dakika 2. Pasipo na bomba, mtoto hupakatwa, mkono wake ukawekwa juu ya beseni, mtu mwingine akachota kwa kikombe na kumwaga polepole. Maji yaleyale huchotwa tena na tena, na yakianza kuwa vuguvugu hubadilishwa. Ndoo moja au mbili zinatosha. Wakati huo mwili uliobaki hufunikwa kanga, kwa sababu mtoto mdogo hupoa haraka na baridi nayo inaweza kumdhuru. Barafu haitumiki: hubana mishipa ya damu na kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Badala ya maji, nyumba nyingi hukimbilia dawa ya meno. Dawa ya meno huleta ubaridi kwenye ulimi, na watu huchukulia kwamba inapoza. Ubaridi huo ni wa mnanaa tu, joto halijaondoka. Ute wa yai huacha vijidudu kwenye ngozi isiyo na kinga. Mafuta na siagi hulifungia joto ndani. Hospitalini vyote hivyo husafishwa kwanza ili jeraha lionekane, na kusafisha huko ni maumivu mapya kwa mtoto yuleyule. Asali ina hadhi tofauti kidogo, kwani imefanyiwa utafiti kama dawa ya vidonda na baadhi ya wataalamu huitumia. Lakini hutumiwa kwenye kidonda kilichokwisha kupozwa na kusafishwa, si katika dakika za mwanzo.

Wakati maji yanamwagwa, pete, bangili na shanga huvuliwa kabla uvimbe haujazibana. Nguo iliyolowa maji ya moto huondolewa. Iliyogandamana na ngozi huachwa, ikakatwa pembeni yake. Malengelenge hayapasuliwi. Baada ya kupozwa, jeraha hufunikwa bila kubanwa kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula au kwa kitambaa kilichofuliwa kikakauka juani. Ukubwa wa jeraha hukadiriwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. Mtoto aliyeungua viganja 10 yuko hatarini kupoteza maji mengi mwilini, hata kama bado anaongea. Majeraha ya uso, mikono, maungo na sehemu za siri, na yote ya umeme, hayabaki nyumbani hata yakiwa madogo.

Gesi ya kupikia imepunguza moshi majumbani, ikaja na tabia zake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia sakafuni na kujikusanya chini ya meza na vitanda. Harufu ile kali haikuwa yake. Imetiwa kiwandani ili ivujapo ijulikane. Nyumba inaponuka gesi, milango hufunguliwa, mtungi hufungwa, na swichi haziguswi, si kuwasha wala kuzima, kwa maana cheche ni ileile.

Mafuta ya taa yana ajali nyingine inayotokana na jinsi yanavyouzwa. Hununuliwa kwa vipimo vidogo, na mnunuzi huja na chombo chake, ambacho karibu kila mara ni chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo hurudi nyumbani ikawekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mchana wa jua kali mtoto wa miaka miwili huona chupa anayoijua, yenye kitu cheupe kama maji, akapiga funda. Si mtoto mtundu. Chupa ndiyo iliyomdanganya. Dawa za kuua wadudu shambani, sumu ya panya na maji ya kusafishia choo huhifadhiwa kwa namna hiyohiyo.

Jambo la kwanza linalofanywa hapo huwa ni kumtapisha mtoto kwa kidole, maziwa au mafuta ya kula, na ni kosa. Mafuta ya taa tumboni hayana madhara makubwa kama yakiwa mapafuni. Ni mepesi na huteleza. Yanapopanda kooni na matapishi, matone machache hupenya kwenye njia ya hewa na kuleta uvimbe wa mapafu unaoweza kuua. Mtoto hunyimwa kitu cha kumtapisha, huvuliwa nguo zilizomwagikiwa, ngozi yake huoshwa kwa sabuni, na hupelekwa kituoni akiwa amekaa wima. Kukohoa na kuhema haraka ni dalili kwamba mafuta yameshafika pasipotakiwa, na huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kemikali zinazochoma, kama magadi makali ya kutengenezea sabuni, nazo hazitapishwi, kwa sababu zilichoma koo zikishuka na zitalichoma tena zikipanda. Chupa yenyewe huenda na mgonjwa. Kwa daktari, lebo iliyochakaa ni bora kuliko maelezo marefu ya mashahidi.

Sumu nyingine haina rangi wala harufu. Kwenye nyanda za baridi, Makete na Njombe, Limuru, Kabale, jiko la mkaa huingizwa chumbani usiku wa Juni na Julai, mlango ukafungwa na tundu la dirisha likazibwa kwa gunia. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hunasa kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, dalili ambazo mtu wa kawaida atazihesabu kuwa malaria, na usingizi humchukua kabla hajashuku. Anayewakuta watu wamelala chumba cha namna hiyo hafungui mazungumzo. Hufungua mlango, huwavuta nje penye hewa, na ndipo huangalia kama wanapumua.

Kusakamwa na chakula huua kwa dakika chache, na ni mojawapo ya ajali ambamo mkono wa mtu wa kawaida hufanya kazi kuliko hospitali yoyote. Karanga, punje za mahindi, maharage mabichi na sarafu ndivyo vinavyowapata watoto. Wakubwa hupatwa zaidi na nyama na ugali. Anayekohoa kwa nguvu huachwa akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kusema huinamishwa mbele na kupigwa makofi 5 makali katikati ya mabega. Ikishindikana, mwokoaji humkumbatia kwa nyuma, ngumi ikiwa juu kidogo ya kitovu, akavuta kwa ndani na juu mara 5, kisha makofi tena. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo. Hulazwa kifudifudi kwenye mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifua kwa vidole. Kidole hakipelekwi kooni kupapasa kisichoonekana, maana hukisukuma ndani. Mbinu ya kubana tumbo ilitangazwa mwaka 1974 na daktari Mmarekani Henry Heimlich. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 96, aliitumia kumwokoa bibi mmoja aliyesakamwa kwenye makao ya wazee walikokuwa wakiishi.

Degedege na kifafa huleta hofu ya aina nyingine. Kijiko hutiwa mdomoni kuzuia ulimi usimezwe, ilhali ulimi haumezeki na kijiko huvunja meno. Kiatu hunusishwa. Lakini baya kuliko yote ni kumkimbia mgonjwa kwa kuamini kwamba povu lake linaambukiza. Imani hiyo haina msingi, na watu wamebaki na makovu makubwa ya moto kwa kuwa walianguka mekoni na hakuna aliyewagusa. Anayetikisika huondolewa karibu na moto na maji, hulazwa ubavu, huwekewa kitu laini chini ya kichwa, na saa huangaliwa. Zikizidi dakika 5, ni safari ya hospitali. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege hupelekwa hata ikikoma mapema, kwa sababu nyuma yake huenda kuna malaria kali.

Damu ikitoka kwa wingi, mgandamizo ndio dawa. Kitambaa safi huwekwa juu ya jeraha na kubanwa kwa kiganja dakika 10 bila kuchungulia. Kila kuchungulia hubandua donge lililoanza kuziba. Kitambaa kikilowa, kingine huongezwa juu yake. Kisu au kipande cha bati kilichozama hakichomolewi, huzungushiwa nguo kisitikisike. Kamba ya kukaza mkono au mguu ni ya damu inayorukaruka na isiyozuilika kwa kubana, na saa ya kufunga huandikwa. Anayeogopa kugusa damu huvaa mfuko wa nailoni mkononi; mifuko ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania bara tangu 2019, lakini ule wa mkate bado upo. Pua ikitoka damu, kichwa huinamishwa mbele, si nyuma, na sehemu laini ya pua hubanwa dakika 10 hadi 15.

Jeraha dogo husahauliwa upesi, na hapo pepopunda hupata nafasi. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama kwa miaka, na ndiyo maana ugoro, masizi na samadi vinavyopakwa kuzuia damu ni hatari kuliko msumari wenyewe. Maji mengi safi na sabuni hutosha, na kisha swali la chanjo: aliyechomwa zamani hajui kama bado ana kinga, na kituo cha afya ndicho cha kuulizwa.

Majeruhi wa bodaboda huharibiwa na namna anavyobebwa. Watu wema wanne humnyanyua mzobemzobe, mmoja kwa kila kiungo, kichwa kikining'inia, na mfupa wa shingo uliokuwa na ufa hukata uti wa mgongo. Pasipokuwa na moto wala gari linalokuja, huachwa alipo, mtu mmoja akamshika kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Akilazimika kuhamishwa, mlango uliong'olewa bawaba au ubao wa duka ni machela nzuri. Mguu uliovunjika hufungwa kwenye banzi kama ulivyokutwa. Kuunyoosha ni kazi ya wengine.

Barabara hiyohiyo ina hatari inayojirudia kwa ukatili. Lori la mafuta huanguka, petroli humwagika mtaroni, na watu hufika na madumu. Ilitokea Sachangwan nchini Kenya Januari 2009, Sange katika Kivu Kusini Julai 2010, na Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, na kila mahali idadi ya waliokufa ilizidi au ilikaribia 100. Mvuke wa petroli hutambaa mbali na lori, na cheche ya pikipiki moja hutosha. Hapo huduma ya kwanza haina la kufanya isipokuwa umbali.

Nyoka wanastahili nafasi kubwa kuliko wanayopewa kwenye vipeperushi. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Makadirio yake ni watu milioni 5.4 kuumwa kila mwaka duniani, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 ndio wanaopata sumu mwilini. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000. Tarakimu hizo zinaeleza kitu ambacho maelfu ya maneno ya waganga hayaelezi. Nusu au zaidi ya walioumwa hawakupata sumu, ama kwa kuwa nyoka hakuwa na sumu, ama kwa kuwa aliuma bila kuimwaga. Jiwe jeusi la nyoka likiwekwa juu ya majeraha 10, wagonjwa kadhaa watapona bila shaka, na jiwe litasifiwa. Wale wengine husemekana walichelewa.

Nyoka wa eneo hili wenye kuhofiwa zaidi wanadhuru kwa njia tofauti. Kifutu, aitwaye pia moma, hujilaza njiani bila kukimbia, akitegemea rangi yake kumficha. Humuuma anayemkanyaga jioni bila tochi wala viatu. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Koboko hulegeza misuli: kope hushuka, maneno hukwama, kumeza hushindikana, na mwisho pumzi. Swila mtema mate hulenga macho. Aliyetemewa huoshwa macho papo hapo kwa maji mengi, au maziwa kama ndiyo yaliyopo, na hasugui. Swila mkubwa wa aina hiyo, anayefikisha zaidi ya mita 2, alitambuliwa rasmi kama spishi ya peke yake mwaka 2007 na kuitwa Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu, pwani ya Kenya.

Aliyeumwa hutulizwa na kuketishwa, kwa sababu kukimbia husukuma sumu mwilini. Viatu, pete na saa huvuliwa. Mguu hufungwa banzi usikunjike, na mtu hubebwa. Akipanda bodaboda hukaa katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kuchanja kwa wembe humtoa damu isiyokoma, hasa sumu ikiwa imekwisha kuharibu ugandaji. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu yenye maana. Kamba iliyokazwa juu ya jeraha la kifutu huifungia sumu pamoja na kuukosesha mguu damu, na mguu hufa mara mbili. Shoti ya umeme na dawa za kunywa haziongezi chochote ila muda uliopotea. Nyoka hafukuzwi ili auawe na kupelekwa kama kielelezo, maana wengi huumwa mara ya pili hapo, na nyoka aliyekatwa kichwa bado anaweza kuuma. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na dalili za mgonjwa humwongoza daktari hata bila picha.

Dawa halisi ni antivenomu, iliyobuniwa miaka ya 1890 na ambayo hadi leo hutengenezwa kwa kinga za wanyama, zaidi farasi. Ni ghali, si kila kituo kinayo, na huweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo haichomwi nyumbani. Jambo la busara kwa kijiji chenye nyoka wengi ni kujua mapema, kabla ya ajali, ni hospitali ipi yenye dawa hiyo. Kinga ya bei nafuu imo ndani ya nyumba tayari: chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia pia swila anayefuata panya usiku na kumuuma mtu aliyelala chini anapojigeuza.

Mbwa huweza kuumiza kidogo na bado akaua. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, karibu hakina aliyepona. Kabla ya dalili, huzuilika kabisa. Kirusi chake kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ndiyo adui yake. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni mkwaruzo au mbwa ni wa nyumbani, kisha chanjo huanza siku hiyohiyo na kumalizwa kwa tarehe zote. Wengi huchomwa sindano moja, wakaona wamepona, wakaacha. Kisiwani Pemba ugonjwa huo uliondolewa kwa kuchanja mbwa wenyewe, ukarudi mwaka 2016, ukaondolewa tena kwa njia ileile.

Nyuki hukimbiwa kwa mstari mmoja hadi ndani ya nyumba. Mwiba hukwanguliwa upesi kwa kucha au ukingo wa kadi, kwani kifuko chake huendelea kusukuma sumu. Midomo ikivimba na kifua kikipiga filimbi, ni dharura. Mwiba wa samaki taa hutulizwa kwa kuzamisha mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, si zaidi ya nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, maana joto huvunja sumu yake.

Maji huua kimya. Mtoto mdogo hahitaji ziwa. Ndoo iliyojaa au karo la choo lisilofunikwa vinatosha. Mkubwa anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, na anayemrukia huvutwa chini pamoja naye. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba huelea kama boya na hupatikana kila nyumba. Aliyetolewa hashikwi miguu akaning'inizwa na kuzungushwa maji yatoke. Hakuna maji ya kutoa. Kilichopungua ni hewa, kwa hiyo hupewa pumzi 5 kwanza, kisha mibonyezo ya kifua.

Juu ya Ziwa Victoria dhoruba hupiga zaidi usiku, nchi kavu ikishapoa na pepo zake zikakutana katikati ya ziwa, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Radi hupiga pia majengo ya bati yasiyo na kinga: Juni 2011 iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Sauti huchukua takriban sekunde 3 kwa kilometa 1, hivyo ngurumo inayofuata mmweko ndani ya sekunde 30 iko karibu mno. Mti mmoja uwandani si kivuli. Aliyepigwa hana umeme mwilini wala laana, na akiguswa mara moja na kubonyezwa kifua huweza kuzinduka. Aliyenaswa na umeme wa nyumba ni kinyume chake: haguswi hadi swichi kuu imezimwa.

Kilichobaki ni safari. Tanzania ina namba 112 kwa dharura na 114 kwa Zimamoto. Kenya ina 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Fomu ya polisi ya majeruhi, PF3 Tanzania na P3 Kenya, ni ya ushahidi wa kesi. Kwa miaka mingi imeaminika kwamba bila fomu hakuna tiba, na majeruhi wamepitishwa polisi damu ikiwatoka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na fomu inaweza kujazwa jeraha likishafungwa.

Anayemsindikiza mgonjwa hubeba habari zaidi ya anazodhani: saa ya ajali, kilichonywewa na chupa yake, na alichopewa nyumbani, mitishamba ikiwemo, bila kuificha kwa aibu. Kwa aliyeumwa na nyoka, mstari huchorwa kwa kalamu pale uvimbe ulipofikia, na saa ikaandikwa pembeni yake. Mgonjwa anapofika kitandani, daktari huangalia uvimbe umeuacha mstari nyuma kwa kiasi gani.